Kuhamia raketi ya udhibiti bila kulipa mara mbili

Mchezaji wa tenisi mwenye uzoefu wa miaka kumi au zaidi hufika kwenye wazo la kubadilisha raketi akiwa amechoshwa. Foohendi (pigo la upande wa mkono wenye raketi) aliyokuwa akiitegemea inatoka nje kwa nusu mita, na akijaribu kuishusha inagonga wavu. Anaanza kufupisha mkono ili mpira ubaki ndani. Mkono ukifupishwa, mpira unakosa uzito, na wapinzani aliokuwa akiwafunga wanasogea mbele uwanjani na kummaliza. Hapo rafiki anamwambia, "Tafuta raketi ya udhibiti." Yaani raketi inayotoa nguvu kidogo ili mpira uende unakoutaka. Ushauri si mbaya, ila fremu (raketi bila nyuzi) moja mpya ya daraja hilo huko Marekani mara nyingi huuzwa kwa zaidi ya dola 200, kabla ya nyuzi, usafirishaji na ushuru, na mchezaji wa mashindano hahitaji moja bali mbili. Ukikosea hapo umekosea mara mbili kwa mkupuo.

Kwa hiyo fremu isiwe kitu cha kwanza kubadilishwa. Anza na nyuzi.

Nyuzi za poliesta, ambazo ndizo wengi wa kiwango hiki wanazitumia tangu Mbrazili Gustavo Kuerten alipotwaa mashindano ya Roland Garros ya Paris mwaka 1997 akiwa na nyuzi za Luxilon, hazikatiki upesi, na hilo ndilo tatizo lake. Hufa zikiwa nzima. Baada ya saa 10 hadi 15 za kucheza kwa nguvu uzi umeshapoteza mkazo na ule urukaji wa kurudi mahali pake. Ukiutazama kwa karibu unaona vijishimo pale nyuzi za kusimama zinapokutana na za kulala. Sukuma uzi kwa kidole, unabaki ulikosukumwa. Raketi yenye nyuzi kama hizo hurusha mpira huu chini na ule juu, kwa pigo lile lile. Mchezaji anasema fremu haina udhibiti, kumbe fremu haijasema lolote.

Kata nyuzi hizo, funga mpya za aina ile ile, na ongeza mkazo kilo moja, yaani kama paundi mbili kwa mashine nyingi zinazosoma kwa paundi. Kama ulitumia unene wa milimita 1.25, jaribu 1.30. Gharama yake ni uzi wa mita 12 na ujira wa fundi. Kisha fanya jaribio la kapu: mtu akurushie mipira 40 kwenye foohendi, wewe ukiachia mkono wote kuelekea kona ya mshazari, na mwingine aandike kila mpira uliokosa ulikosea vipi. Ufanye baada ya saa nzima ya mazoezi, usiufanye ukiwa umetoka tu kupasha mwili.

Karatasi hiyo ina thamani kuliko maoni ya watu ishirini. Ikiwa mingi imepita mstari wa nyuma, raketi inatoa nguvu au pembe kubwa kuliko unavyohitaji, na fremu ya udhibiti inaweza kukusaidia. Ikiwa mingi imetoka pembeni, chanzo mara nyingi ni kuchelewa au fremu kujipinda mkononi inapopigwa nje ya katikati. Dawa ni uthabiti, na wakati mwingine gramu chache tu. Ikiwa mingi imegonga wavu, acha. Fremu ya udhibiti hutoa mpira kwa pembe ya chini zaidi, nawe utaongeza ugonjwa kwa pesa zako. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu kwa sababu haina raha ya kununua kitu kipya.

Tuseme karatasi imesema mstari wa nyuma. Kabla ya kutazama raketi nyingine, pima uliyonayo. Weka kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali ikiwa na kila kitu: nyuzi, ovagripu (utepe unaozungushwa juu ya gripu ya mpini), kizuia mtetemo. Kisha ilaze juu ya ukingo wa rula iliyosimamishwa, isogeze mpaka itulie bila kuinama upande wowote, na upime umbali wa nukta hiyo hadi kitakoni. Andika namba zote mbili. Gramu zinazoandikwa na watengenezaji ni za fremu tupu. Nyuzi huongeza gramu 15 hadi 18, ovagripu kama 5, kizuia mtetemo 2 au 3. Raketi ya "300" mkononi ni 322 au zaidi. Watu wengi hulinganisha 305 iliyoandikwa kwenye fremu mpya na 322 waliyoipima nyumbani, wakaamini wanakwenda kwenye raketi nyepesi, kumbe wanapanda.

Sasa, nini hasa hufanya raketi iitwe ya udhibiti? Mambo manne, na si lazima yawepo yote pamoja. La kwanza ni fremu nyembamba inayokubali kupinda. Raketi za nguvu kama Babolat Pure Drive zina ubavu wa milimita 23 hadi 26; hizi zina 20 hadi 22. Fremu inapopinda mpira unapogonga, sehemu ya nguvu inapotelea humo na mpira hutoka polepole kidogo. Ugumu huo hupewa namba: chini ya 60 ni laini, juu ya 67 ni ngumu. La pili ni mpangilio wa nyuzi. Fremu ya 18x20 (nyuzi 18 za kusimama, 20 za kulala) ina nyuzi zilizokaribiana, hazichezi sana, hivyo mpira hutoka chini na kwa pembe inayotabirika, lakini spini, yaani mzunguko wa mpira, hupungua ukilinganisha na 16x19. La tatu ni kichwa cha inchi za mraba 95 hadi 98 badala ya 100. La nne ni uzito: gramu 305 hadi 320 tupu, msawazo (ile nukta raketi inapotulia kwenye rula) ukiwa upande wa mpini, ili fremu isisukumwe na mpira mzito.

Kuna namba ya tano isiyoandikwa kwenye fremu, nayo ndiyo inayoamua zaidi: uzito wa mwendo, yaani uzito unaousikia raketi ikiwa inazunguka. Raketi mbili za gramu 325 zinaweza kuwa mbali kabisa kwa namba hii kwa sababu moja imebeba uzito wake kichwani. Kwa wachezaji wengi wenye uzoefu, eneo la pointi 320 hadi 330 ikiwa na nyuzi linatosha. Ukipita 335, sevu (pigo la kuanzishia pointi) ya seti ya tatu itakusomea hesabu.

Orodha isizidi raketi tatu. Hapo ndipo tamaa huingia. Mtu anatoka kwenye fremu ngumu ya inchi 100, gramu 300, nyuzi 16x19, anaangukia Head Prestige Pro ya 2021: inchi 98, gramu 320, nyuzi 18x20. Amebadilisha kila kitu kwa siku moja, na akishindwa hajui kilichomshinda ni uzito, mpangilio au kichwa. Busara ni kusogeza kitu kimoja au viwili. Wilson Blade 98 ina gramu 305 na inapatikana kwa 16x19 na kwa 18x20, kwa hiyo ni ngazi nzuri ya kujua kama mpangilio wa nyuzi ndio unaoutafuta. Head Gravity Pro inakupa 18x20 na gramu 315 lakini inabaki na inchi 100. Anayeogopa kichwa kidogo ataanzia hapo. Yonex Percept 97 ina gramu 310 na 16x19. Prince Phantom 100X ya gramu 305 inapingana na mambo mawili ya orodha ya hapo juu, maana ina inchi 100 na nyuzi 16x18, na bado udhibiti wake unatokana na ulaini wa fremu. Anayekwambia udhibiti ni 18x20 basi, hajaishika hiyo.

Kuhusu haraka, mfano ulio wazi ni wa Roger Federer, ingawa yeye alikuwa anakwenda upande wa pili, kutoka kichwa kidogo kwenda kikubwa. Katikati ya 2013, baada ya kutolewa mapema Wimbledon, alijaribu fremu ya inchi 98 kwenye mashindano ya Hamburg na Gstaad. Akashindwa kote kuwili, akarudi kwenye ile ya 90 aliyoizoea, akamaliza nayo mwaka. Mwanzoni mwa 2014, baada ya mapumziko na mazoezi, ndipo akahama moja kwa moja. Mtu mwenye fundi wake wa nyuzi na kampuni nzima ya kumtengenezea fremu alihitaji nusu mwaka na kurudi nyuma mara moja. Wewe usijipe wikendi moja kabla ya ligi ya klabu kuanza.

Namna ya kujaribu ndiyo inayotenganisha waliopata na waliopoteza. Marekani na Ulaya maduka mengi hukodisha raketi za majaribio. Kwetu hilo ni adimu. Utaazima kwa wanaklabu. Kote kuwili mtego ni mmoja: raketi ya kuazima huja na nyuzi za mtu mwingine, mara nyingi za maltifilamenti (nyuzi laini zilizosokotwa kwa nyuzinyuzi nyingi) zilizochakaa, zikiwa na mkazo usiojulikana. Ukiipenda, umependa nyuzi. Ukiichukia, umechukia nyuzi. Omba ruhusa ya kuzikata, funga zako kwa gharama yako, kwa mkazo ule ule ulio kwenye raketi yako. Ni pesa ya nyuzi mbili tatu, lakini inaokoa pesa ya fremu.

Halafu usijaribu kwa kupigiana tu na rafiki mipira laini katikati ya uwanja. Raketi yoyote nzuri hupendeza hapo, na fremu laini hupendeza kuliko zote kwa sababu mpira unasikika kukaa kwenye nyuzi. Siku ya kwanza karibu kila mtu huipenda raketi ya udhibiti. Amepumzika, anafika kwenye mpira kwa wakati, anapiga katikati. Unachotaka kujua hakionekani siku hiyo. Cheza seti, zihesabiwe, na ufuatilie mapigo matatu tu: sevu ya pili ukiwa umeshacheza dakika 90, ritani (pigo la kurudisha) ya sevu kali mwilini, na bekihendi (pigo la upande wa pili) ya kujinyoosha ukiwa umevutwa nje ya uwanja. Kwenye bekihendi hiyo huna muda wa kuzungusha mkono. Raketi ya nguvu ingekuokoa kwa kusukuma mpira wenyewe, hii haitakuokoa. Mpira wako ukidondokea mfupi, kwenye kisanduku cha sevu, kila mara, mpinzani atakuwa anakusubiri hapo. Chagua raketi kwa mpira unaoukosa ukiwa umechoka. Foohendi yako nzuri ya dakika ya kumi itapatikana na raketi yoyote kati ya hizo tatu.

Mshiko hautaki maneno mengi. Saizi 2 ni kama milimita 108 za mzunguko, saizi 3 kama 111, na ovagripu moja huongeza karibu nusu saizi. Ukiwa katikati chukua ndogo. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi ya fundi, na kwa fremu nyingi haiwezekani kabisa. Angalia pia umbo, maana mipini ya Head imebanwa zaidi ubavuni kuliko ya Wilson, na mtu aliyezoea moja anaweza kulaumu fremu nzima kwa sababu ya kitu kinachosikika kiganjani.

Wakati wa kununua, kumbuka kwamba fremu mbili za aina moja si pacha. Tofauti ya gramu kadhaa na ya milimita kadhaa za msawazo inakubalika kiwandani, na zikikutana mbili za pembezoni, moja nzito na moja nyepesi, utakuwa na raketi mbili tofauti zenye rangi moja. Muombe muuzaji azipime na akutumie picha ya mizani. Asiyekubali kupima, nunua kwingine. Usikimbilie toleo jipya pia: toleo jipya likitoka lililotangulia hushuka bei, na mara nyingi tofauti kubwa ni rangi. Kwa zilizotumika, toa gripu uone mbao au povu la mpini, pitisha kidole ndani ya kichwa pale saa tatu na saa tisa zinapokaa kwenye uso wa saa, na kwenye shingo. Rangi iliyokwaruzwa si kitu. Mstari mwembamba unaoendelea hata ukiufuta kwa kitambaa chenye maji ni ufa. Tazama vile vipande vya plastiki vinavyopitisha nyuzi. Vikiwa vimekatika, na fremu ni ya zamani, huenda usipate vingine, na uzi utakuwa unakatwa na ukingo wa fremu kila wiki.

Wiki za kwanza baada ya kuhama ni ngumu, na hapo ndipo wengi huiuza raketi nzuri. Mipira inaanguka mifupi. Mchezaji anaanza kupiga kwa bega badala ya kuzungusha mwili, kiwiko kinaanza kuuma, analaumu uzito. Kwanza shusha mkazo. Aliyekuwa akifunga poliesta kwa kilo 24 kwenye fremu ngumu ya 16x19 hana sababu ya kubaki na 24 kwenye fremu laini ya 18x20. Aanze na 22, na akitaka kina zaidi, yaani mpira ufike karibu na mstari wa nyuma, ashuke hadi 21. Nusu kilo kwa wakati mmoja, uzi ule ule, ili ajue kilichobadilika. Njia nyingine ni kuchanganya: nyuzi za kusimama za poliesta na za kulala za maltifilamenti, mkono unapumua na kina kinarudi. Maumivu ya kiwiko yakidumu wiki mbili, poliesta itoke kabisa na umuone daktari wa viungo. Hakuna udhibiti unaostahili kuharibu kano za mkono.

Pili, usikimbilie utepe wa risasi (ile metali nzito, hubandikwa kwenye fremu kuongeza uzito) kabla nyuzi hazijatulia. Ukiuhitaji, hesabu yake inajulikana. Gramu moja kwenye ncha ya kichwa huongeza uzito wa mwendo kwa zaidi kidogo ya pointi 3. Gramu moja pale saa tatu au saa tisa huongeza kama 2, lakini huzuia fremu isijipinde mkononi. Kwa mtu ambaye karatasi yake ilionyesha mipira ya pembeni, gramu 2 kila upande zinatosha: uzito wa mwendo unapanda kama pointi 7 na msawazo unasogea kama milimita 2 na nusu kuelekea kichwani. Gramu 3 chini ya gripu karibu na kitako huurudisha msawazo bila kugusa uzito wa mwendo. Osha mikono baada ya kushika risasi, au tumia utepe wa tungsteni, ghali kidogo lakini safi.

Mahali unapochezea panabadilisha namba hizi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira haukokotwi, unaruka mbali. Kanuni za shirikisho la kimataifa zinatambua mpira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, ila klabu nyingi hutumia mipira ya kawaida, na huko raketi ya udhibiti ina kazi kweli. Mkazo unaofaa Nairobi huwa mgumu ukishuka Mombasa au Dar es Salaam, ambako mpira ni mzito zaidi. Punguza kilo moja. Pwani ina adui wake mwingine: joto. Raketi iliyoachwa kwenye buti la gari mchana wa Januari hupoteza mkazo bila kupigwa mpira mmoja, na uzi wa utumbo wa ng'ombe hufumuka kwa unyevu. Anayesafiri kwa mashindano kati ya bara na pwani afunge raketi mbili kwa mikazo miwili na aandike namba kwenye mkanda ulio shingoni mwa fremu.

Tena, ile raketi ya pili ipimwe na kusawazishwa na ya kwanza siku ya kwanza, kabla hujaicheza. Ikiwa nyepesi kwa gramu 4, ongezea. Ikiwa nzito, ongezea ile nyingine. Na raketi ya zamani isiuzwe mpaka umalize msimu mmoja na mpya. Bei yake haitashuka sana kwa miezi hiyo, na ukirudi nayo uwanjani kwa seti moja utajua mara moja kama ulihama kwa sababu ya fremu au kwa sababu ya nyuzi zilizokufa.